Stensili yangu imevuja na rangi inabanduka, nifanyeje?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Busia, upande wetu huu wa Uganda. Nalifupisha kidogo: "Aunti fundi, habari ya kazi. Nimepanga mzigo, hizi nyumba zetu ndogo za kupanga, wa vyumba viwili, ukuta juu ni krimu, chini mpaka kiunoni ni kahawia. Niliona watu wanapamba kwa stensili, ile karatasi iliyotobolewa mchoro unapitishia rangi, nikakata yangu kwenye boksi la viatu, nikanunua kopo dogo la rangi ya maji ya bluu, nikapiga maua nyuma ya kochi kutoka juu mpaka chini. Ya juu yamevuja yakawa kama madoa ya wino. Ya chini yalikaa siku tatu alafu yakaanza kutoka kama ngozi ya nyoka. Landilodi amepita, kasema nikihama nirudishe ukuta ulivyokuwa. Nimebaki na elfu 60, nina mtoto wa miaka 2, na bado nataka nyumba ipendeze. Nifanyeje? Na zile shanga za karatasi za kutengeneza pazia, ni ngumu?"

Mdogo wangu, ukuta wako una magonjwa mawili tofauti, ndio maana umechanganyikiwa. Ya juu yamevuja kwa sababu ya wingi wa rangi na hilo boksi. Ya chini yametoka kwa sababu ile kahawia ni rangi ya mafuta na we umepaka rangi ya maji juu yake, hizo mbili hazishikani hata ungekuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Wenye mizigo huku kwetu wengi wanafanya hivo, juu wanapaka ya maji ya bei nafuu, chini wanapaka ya mafuta ili alama za vidole vya watoto na masizi ya sigiri yafutwe kwa kitambaa basi. Kama huniamini lowanisha kidole ugusishe pale: kwenye ya mafuta tone linateleza kama kwenye jani la magimbi, kwenye ya maji ukuta unalinywa na pale panakolea kidogo.

Hio ya chini usihangaike nayo. Kitambaa, maji ya vuguvugu, sabuni, sugua, itatoka yenyewe maana haikushika kitu. Kuna mtu atakwambia piga msasa uondoe mng'aro alafu urudie maua kwa rangi ya mafuta, na hajakudanganya, itashika. Lakini mi nakukataza. Kwanza ni huyo mtoto, rangi za mafuta za zamani zingine zina madini ya risasi, na ule unga wa msasa unatua sakafuni anapochezea na kulamba vidole, na risasi hata kidogo inaharibu ubongo wa mtoto. Ukilazimika kusugua siku yoyote, tumia msasa wa maji, lowanisha, unga uwe tope, ufute utupe, na mtoto ashinde kwa jirani. Pili, angalia chini kabisa karibu na sakafu kama kuna unga mweupe mweupe kama chumvi. Ni chumvi kweli, maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali yanaibeba, yakikauka inabaki juu ya plasta na kusukuma rangi itoke. Ukuta wa hivo hata rangi ya bei gani haikai, kwahiyo kahawia iache iwe kahawia.

Sasa ya juu. Kabla ya kuyafunika yale madoa pitisha msasa laini pembeni mwa kila ua, maana rangi ilipovuja ilijikusanya ikawa na kingo nene, ukipaka krimu juu yake bila kusugua, jioni taa ikiwaka kwa upande utaona kivuli cha maua yako yote yanakucheka. Alafu krimu mara mbili kwa rola. Usinunue krimu ya kukisia, krimu ziko za kila aina, chokoa kipande cha rangi kwenye kona nyuma ya mlango, kiwe kama sarafu, upeleke hadiwea wakuchanganyie ifanane. Au muulize landilodi alipaka kopo gani, saa zingine amebakisha nusu stoo. Hapo ndipo sehemu kubwa ya hio elfu 60 yako itaenda na sioni njia ya kuikwepa, ila kuanzia hapo vitu vingi utavipata bure.

Boksi la viatu linanyonya rangi, ua la tatu tu kingo zimeshalowa zimekunjamana na rangi inapita chini yake. Tafuta eksirei. Kila nyumba ina eksirei ya mtu aliyevunjika mkono mwaka ule, imekaa juu ya kabati haina kazi. Iloweke kwenye maji yenye jiki kidogo, vaa glovu, ule weusi unalainika unaufuta kwa sponji na unabaki na plastiki safi ngumu inayoona upande wa pili. Hio utapigia stensili mia na itakuwa nzima. Kama huna, jalada la faili la plastiki linafanya, na kama hata hilo hakuna basi karatasi ngumu ya kalenda uipake nta ya mshumaa pande zote mbili uipitishe pasi juu ya gazeti.

Kukata, weka mchoro chini ya eksirei, vyote juu ya taili au kioo, ubandike na tepu visitembee. Tumia wembe mpya wa kisu, sio wa kunyolea, huo unapinda. Anza na vitundu vidogo vya katikati umalizie na vikubwa vya pembeni, kwa sababu ukianza na vikubwa plastiki inakosa nguvu na vidogo vitachanika. Na ukifika kwenye kona ya mviringo usizungushe mkono, mkono utulie, zungusha hio eksirei. Nilikaa miaka nakata maua yenye pembe pembe kabla sijalijua hilo.

Kitu kingine ni madaraja. Ukikata herufi O yote, katikati inadondoka unabaki na tundu. Lazima uache vipande vya kushikilia katikati na nje, na visiwe vyembamba kama uzi, nusu sentimita ndio mwisho, chini ya hapo vitajikunja siku ya pili. Ukiangalia maandishi kwenye magunia ya kahawa utaona kila O na kila A ina pengo, yale mapengo ndio madaraja.

Mi nimekulia kambini Jinja, baba alikuwa askari, na stensili ya kwanza niliyoiona maishani haikuwa ya maua, ilikuwa bati limekatwa nambari za kuandikia masanduku ya chuma. Mzee aliyekuwa anaandika alikuwa na kopo moja la rangi nyeupe na brashi fupi nene kama ya kunyolea ndevu, na kabla hajagusa sanduku alikuwa anaigonga ile brashi kwenye gunia, anagonga, anagonga, mpaka sisi watoto tunaona kama anamaliza rangi kwenye gunia sanduku litabaki hivohivo. Alafu anaweka bati, tap tap tap, anainua, nambari imekaa kali kama imechapwa na mashine. Kazi yenyewe ilikuwa pale kwenye gunia, ila nilielewa nikiwa mkubwa.

Kwahiyo we pia utafute gunia lako. Kata sponji kutoka kwenye godoro la zamani, kipande kama yai, kikunje ncha zote zirudi juu uzifunge na kamba ya tyubu ya baiskeli, upate uso wa mviringo laini usio na kona. Rangi isiwe na maji, usiongeze hata tone, iwe nzito kama bongo la dukani, yale maziwa ya mgando. Gusisha sponji kwenye kifuniko cha kopo, sio ndani ya kopo, alafu ipigepige kwenye gazeti mpaka iache alama ya vitone vitone kavu na useme sasa imeisha. Hapo ndio iko tayari. Stensili ishikwe ukutani na tepu ya karatasi ile ya mafundi wa rangi, na kabla hujaibandika ukutani ibandike kwanza kwenye gauni lako mara mbili ipunguze gundi isije ikaondoka na krimu ya watu. Gonga sponji moja kwa moja kama unapiga muhuri, usisugue, usiburute, anzia pembeni uende katikati. Rangi ikionekana nyepesi usiogope, rudia safari ya pili, kavu tena. Safari mbili kavu zinashinda moja ya maji, saa yoyote.

Inua stensili, geuza, angalia nyuma. Ikiwa na unyevu futa. Mi nafuta kila baada ya ua la tatu hata kama naona safi. Na usifuatanishe, piga la kwanza, ruka nafasi moja, piga la tatu, ukimaliza mstari rudi ujaze yale uliyoruka, hapo stensili haikanyagi ua bichi. Kakivuja kidogo na bado ni kabichi, pamba ya kusafishia masikio yenye maji inatosha. Kakikauka, chukua kabrashi kembamba na ile krimu yako uchonge ukingo upya. Mafundi wote tunafanya hivo, tunasubiri tu mwenye nyumba aende kuchemsha chai.

Kuhusu mpangilio ntakwambia aibu yangu. Kuna saluni moja Kampala nilipewa kazi, nikaanzia kona ya kushoto juu nikifuata dari, mstari baada ya mstari, nimefika kulia nikashuka kwenye kiti kuangalia, maua yote yanapanda mlima. Dari ndio ilikuwa imepinda, si mi. Nililipaka lote upya kwa hela yangu. Tangu siku hio siamini dari wala sakafu wala fremu ya mlango. Funga jiwe kwenye uzi uning'inize katikati ya ukuta, hio ndio timazi yako, chora alama za penseli nyepesi kwenye huo uzi, na mstari wa kulala upime kwa chupa ya soda ya plastiki yenye maji nusu ukiwa huna pima maji. Ua la kwanza likae katikati kabisa, uende kushoto na kulia kwa usawa, ili likikatika kona likatike sawa pande zote. Hesabu kabla: ukuta wa mita 3 na ua la sentimita 25 ni maua 12 ukibananisha, 6 ukiacha nafasi ya ua kati yao. Kwako wewe chukua 6. Piga ukanda mmoja tu, hapo juu kidogo ya mgongo wa kochi, usijaze ukuta mzima. Chumba cha mzigo ni kidogo, ukikijaza maua utajiona umekaa ndani ya kitenge. Nilishapata mteja alitaka viboksi vya bluu na nyeupe kuzunguka sebule yote, nikamwambia hapana, akasisitiza, nikapiga. Wageni wake wote wakawa wanamuuliza kondakta yuko wapi, maana viboksi hivo ndio vya taksi zetu za abiria.

Michoro usikope mbali. Chukua kitenge unachokipenda, ukipeleke fotokopi ubavu mmoja wa ua, mwambie akuze kwa 141, karatasi ya A4 itatoka A3. Au pindo la kanga, lile limeshachorwa kujirudia kwahiyo kazi ya kupanga umefanyiwa. Makawa ya mama zetu Wanubi wa Bombo, yale ya kufunikia chakula, yana nyota na miduara ambayo ukiifuata na penseli inatoka stensili safi. Na kama ushawahi kupita mji wa Kumi ukapanda Nyero kwenye yale mapango, ile miduara ndani ya miduara ya rangi nyekundu kwenye mwamba, huo mchoro ni rahisi kukata kuliko yote, hauna jani wala kikonyo, ni madaraja manne kila mduara umemaliza. Mi nauweka ndani ya nyumba kuliko maua yoyote. Watu wanadhani nimeutoa majuu.

Sasa landilodi. Ukweli ni kwamba kwa mtu anayepanga, ukuta si mahali pa kumalizia nguvu. Ukanda mmoja sawa, lakini kazi kubwa ifanye kwenye vitu utakavyobeba. Nunua mita 2 za amerikani, ile nguo nyeupe ngumu ambayo bibi zetu waliipa jina la nchi ilikotoka. Ifue kwanza, kwa sababu dukani ina wanga mwingi na rangi inakaa juu ya wanga badala ya kuingia kwenye uzi. Ipige pasi, itandaze mezani juu ya magazeti mengi, ipigie stensili ile ile, sponji kavu ile ile, hata na hio rangi ya bluu iliyobaki, iache siku nzima, alafu pasi kwa upande wa nyuma. Ipitishe kwenye mti wa mwanzi juu chini itundike. Nguo hio itafunika ukuta kuliko maua 12 na siku ya kuhama unaikunja. Usiifue kila wiki lakini, rangi ya ukuta kwenye nguo inavumilia kung'utwa tu. Kwa foronya nunua rangi ya nguo yenyewe, kwa sababu ya ukuta inakwaruza shavu.

Ukipata kipande cha lubugo ni kizuri zaidi. Lile gome la mti wa mutuba lina rangi ya udongo wa matofali ambayo stensili nyeupe inakaa juu yake kama imezaliwa pale. Wanalivua msimu wa mvua na kulipiga na nyundo za mti zenye mistari mpaka linatanuka kuwa nguo, na UNESCO waliitambua kazi hio ya Baganda mwaka 2005. Ila halipendi maji, usiliweke karibu na dirisha linalovuja wala usilifue, libandike kwenye ubao na gundi nyeupe ya maseremala. Na jambo moja: Buganda lubugo ndio linavika wafu, kwahiyo kama kuna mzee wa huko anakuja kwako kula, lile la ukutani hawezi kukasirika, lakini usilitandike kitandani wala mezani akalikuta chini ya sahani yake. Mi nilifanya hivo mara moja. Mzee alikula amesimama.

Haya, shanga. Ngumu si neno lake, ni nyingi. Unakata karatasi ya kalenda vipande virefu vya pembetatu, upande mpana sentimita 2, urefu kama 30, unaanza kuviringisha kutoka upande mpana kwenye njiti ya meno, ukibaki na kancha unapaka gundi unamalizia, unachomoa. Ukikauka unachovya vanishi mara mbili au tatu, kila mara inakauka kwanza. Wamama wa Acholi Quarter kule Kireka wengi wamelisha watoto kwa kazi hio, mkono wao unaenda bila kuangalia. Wewe na mimi ni dakika mbili tatu kila moja. Sasa pazia la mlango wa mita 2, kamba moja ni shanga 100, na ukitaka lizibe kidogo unahitaji kamba 30, hapo ni shanga 3,000. Fanya hesabu mwenyewe. Wengi wanafika kamba ya nne wanaziweka kwenye kopo, na kopo linakaa chini ya kitanda mpaka panya anajenga.

Tena una mtoto wa miaka 2, kamba ikikatika shanga zitasambaa sakafuni na kila moja ni saizi ya koo lake. Achana na pazia. Tengeneza fremu ya kioo. Kioo cha 30 kwa 40 kina mzunguko wa sentimita 140, ni shanga 70 kwa mstari mmoja, jioni tatu umemaliza ukiwa unasikiliza redio. Zibandike kwenye ubao mwembamba uliozunguka kioo, sio kwenye kioo chenyewe, ukitundike juu ambapo mkono wa mtoto haufiki, na utumie msumari wa zege mmoja mzuri kwenye tundu ambalo lipo tayari, kila mzigo una tundu la mpangaji aliyetangulia. Kiweke kikitazama dirisha. Chumba kitapata mwanga na huo nao ni mapambo hata kama hujapaka kitu.

Ile krimu itakayobaki usiiache kwenye kopo kubwa, hewa itaikausha. Imimine kwenye kopo dogo la jemu mpaka juu kabisa, kifuniko kikaze, andika "ukuta" na tarehe, uifiche juu ya kabati. Siku ya kuhama msasa laini kwenye ule ukanda asubuhi, rola mara moja, ya pili saa nane, jioni landilodi akija na daftari lake atakuta krimu.